Fourier ya shahada ya kwanza nilipata A, ya uzamili inanitoa jasho. Tatizo ni mimi, lekchara au somo lenyewe?

#1 Kitalu_B (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Niko mwaka wa kwanza wa uzamili wa hisabati, mchana nafundisha sekondari. Shahada ya kwanza Fourier (kuvunja fanksheni iwe jumla ya mawimbi ya saini na kosaini) ilikuwa mteremko: unapewa wimbi la mraba, unatafuta a_n na b_n, yaani kila wimbi linaingia kwa kiasi gani, unaingiza kwenye fomula, unapigia jibu mistari miwili. A nilipata bila kukesha. Sasa nimekutana na somo lenye jina lile lile, sura siyo ile. Wiki ya tatu hii hatujakokotoa a_n hata moja. Ni L^1, L^2, L^p (fanksheni ambazo ukubwa wake ukiupandisha kipeo p, intigrali bado ipo), "karibu kila mahali" (kasoro nukta ambazo zote pamoja hazina urefu), kiini cha Dirichlet, basi. Jaribio la kwanza nimepata 11 kati ya 40. Niliyemzidi ni mmoja, naye alikuwa na malaria.

Kilichonimaliza ni hiki. Lekchara kasema ipo fanksheni isiyokatika popote, safi kabisa, lakini mfululizo wake wa Fourier hautulii kwenye nukta fulani, yaani jumla haielekei namba moja. Nikauliza, mbona mafundi wa redio na simu wanatumia Fourier kila siku na hatujasikia wakilia? Akacheka, akafuta ubao, kipindi kikaisha.

Dai langu: Fourier ya uzamili imewekwa kukomoa watu. Nipingeni.

#2 Korosho_za_Mtwara
Nipo siti ya mbele. Hesabu niliachana nazo kidato cha pili, ila ugomvi wa wenye hesabu naupenda sana.

#3 FundiSpika
Mkuu Kitalu, mafundi hatulii kwa sababu sisi hatujumlishi mpaka kiama. Nachukua sampuli 1024 za sauti, natoa namba 1024, mchezo umekwisha. Hakuna cha kutulia wala kutotulia, ni jumla ya vitu vinavyohesabika. Ujanja uliobaki ni kufanya haraka: kwa njia ya kawaida hizo 1024 zinakula kuzidisha mara 1,048,576, kwa njia ya Cooley na Tukey ya mwaka 1965 inabaki kama 10,000 hivi. Hiyo ndiyo Fourier inayolipa kodi ya nyumba. Hayo mengine mmejitafutia wenyewe.

#4 mama_epsiloni
Fundi umejibu nusu, tena nusu rahisi.

Kitalu, sikiliza. Jumla ya vipande vya mwanzo mpaka N ni fanksheni yako ikiwa imekorogwa na kiini cha Dirichlet, yaani unachukua wastani wa thamani zake, na kiini ndicho kinachogawa uzito. Kiini hicho wastani wake ni 1, hiyo nzuri. Ubaya ni kwamba kinapanda na kuzama chini ya sifuri, chanya na hasi zinafutana. Ukipima ukubwa wake bila kujali alama unapata namba inayokua kama 0.405 mara logi asilia ya N, ongeza 1.27. Hiyo 0.405 ni 4 gawanya kwa pai ya mraba. Namba hiyo haina dari. Ikishakosa dari, Banach na Steinhaus wanakwambia lazima iwepo fanksheni isiyokatika ambayo jumla zake zinakosa dari kwenye nukta uliyochagua. Huhitaji hata kuiona. Du Bois-Reymond aliijenga kwa mkono mwaka 1873, hao wawili hawajazaliwa.

Sasa piga hesabu ndipo ujue kwa nini Fundi hajawahi kukutana nayo. N ikiwa 1000 namba hiyo ni kama 4.07. N ikiwa milioni moja ni kama 6.87. Ugonjwa upo, ila unatembea mwendo wa kinyonga.

#5 Kitalu_B
Aisee. Mama, nashukuru. Wiki tatu nimeandika "haina dari" kwenye daftari na hakuna aliyeniambia inapanda kwa mwendo huo. Nilikuwa nadhani inalipuka kama mtungi wa gesi.

#6 Historia_Tupu
Niongeze historia kidogo. Fourier alithibitisha mwaka 1807 kule Paris kwamba kila fanksheni ina mfululizo wake, wakubwa wakamkubali. Mambo yakaharibika mwaka 1926, Kolmogorov alipoonyesha fanksheni isiyokatika ambayo mfululizo wake hautulii kwenye nukta yoyote. Carleson akaja kusafisha 1966.

#7 NuktaMoja
Historia_Tupu, umeleta pilau ila nyama umesahau jikoni.

Kwanza, 1807 Fourier hakuthibitisha, alidai. Waliopewa kuisoma kazi yake walikuwa Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix, na Lagrange aligoma. Kitabu chake cha joto kilitoka 1822, miaka 15 baadaye. Uthibitisho wa kweli wa kwanza unaosimama ni wa Dirichlet, 1829, nao una masharti yake.

Pili, fanksheni ya Kolmogorov SI ile isiyokatika. Ni ya L^1 tu, yaani intigrali yake ipo na hakuna zaidi. Mwaka 1923 alitoa ile isiyotulia karibu kila mahali, 1926 akaongeza ukali: hakuna nukta hata moja inayotulia. Ya kwanza aliipata akiwa na miaka 19.

Tatu, fanksheni isiyokatika haiwezi kufanya hivyo. Carleson alionyesha 1966 kwamba ukiwa ndani ya L^2 mfululizo unatulia karibu kila mahali, na kila fanksheni isiyokatika kwenye duara imo ndani ya L^2. Kwa hiyo nukta mbaya zinaweza kuwepo, ila zote pamoja hazina hata urefu wa unywele.

#8 Historia_Tupu
Nimekubali kuhusu Kolmogorov. Ila Carleson si alimaliza L^p zote?

#9 NuktaMoja
Hapana. Carleson L^2. L^p zote zenye p kubwa kuliko 1 ni Hunt, muda mfupi baadaye. Ndiyo maana watu wanasema Carleson na Hunt kwa pumzi moja. p ikifika 1 kamili unarudi kwa kijana wa miaka 19.

#10 Mzee_wa_Bamvua
Nyinyi vijana mnahangaika na makaratasi. Mie mtu wa Unguja, babu yangu alikuwa na dema na ngalawa, skuli hakuiona, na Fourier akiijua.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Nguvu ya mwezi hurudi kila saa 12 na dakika 25, ya jua kila saa 12 kamili. Zikikutana zikavuta pamoja ndiyo bamvua, maji yakitoka unakwenda kwa miguu hadi kwenye miamba. Zikipingana ndiyo maji mafu, bahari imelala. Toa moja ya saa 12.42 kwenye moja ya saa 12, kisha pindua: saa 354 na kitu, siku 14 na robo tatu. Ndiyo maana bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Babu hakutaja kosaini ila hakuwahi kukosea siku.

Kelvin alitengeneza mashine ya magurudumu na kamba miaka ya 1870 kufanya jumla hiyo hiyo. Mashine nzima ya shaba, kazi ya babu.

#11 Korosho_za_Mtwara
Babu wa Unguja 1, Kelvin 0.

#12 mama_epsiloni
Mzee shikamoo. Mfano mtamu, nitauiba darasani. Ila wacha nichokoze kidogo: hiyo ya babu, kwa ukali wa maneno, si mfululizo wa Fourier. Kwenye mfululizo wa Fourier mawimbi yote ni mafungu ya wimbi moja la msingi: 1, 2, 3, 4. Ya mwezi na ya jua hayagawanyiki hivyo, kwa hiyo jumla yake haijirudii sawasawa hata siku moja. Inakaribia tu kujirudia. Aliyefungua nadharia ya fanksheni za namna hiyo ni Harald Bohr, miaka ya 1920, mdogo wake Niels Bohr wa atomu.

#13 Mzee_wa_Bamvua
Marahaba mwanangu. Basi babu alikuwa wa Bohr, si wa Fourier. Nimekubali, na heshima imepanda.

#14 Beki_Tatu
Subirini kwanza. Harald Bohr huyu siye aliyecheza mpira timu ya taifa ya Denmark? Olimpiki ya London 1908, medali ya fedha?

#15 NuktaMoja
Ndiye.

#16 Beki_Tatu
Basi kuanzia leo nasoma uchambuzi wa Fourier. Namba ngapi alicheza?

#17 Korosho_za_Mtwara
Namba changamano.

#18 FundiSpika
😂😂 Korosho nenda kalale.

Nirudi kwenye mada, maana #4 imeniuma. Ipo sehemu moja hata sisi mafundi tunalia. Wimbi la mraba, pale linaporuka, jumla ya Fourier inapitiliza juu kidogo kabla ya kutulia. Nimeiona kwenye osiloskopu mara kibao. Ni kama asilimia 9 ya mruko. Ukiongeza vipande inapungua, ukiweka vingi inaisha.

#19 mama_epsiloni
Haiishi, Fundi. Hapo ndipo macho yanadanganya. Ukiongeza vipande kile kipembe kinakuwa chembamba na kinasogea karibu na mruko, urefu wake unabaki asilimia 9 ile ile, mpaka kesho. Wilbraham aliiona 1848 ikasahaulika, Gibbs akaieleza tena 1899 ikachukua jina lake. Kitalu, hapa kuna somo lako lote: kila nukta peke yake inatulia, ila hazitulii kwa pamoja. Ukitenganisha hayo mawili kichwani, nusu ya kozi umeshaimeza.

#20 FundiSpika
Daah. Miaka 14 ya kazi.

#21 Theluji_Kisigino
Salamu kutoka Sweden. Nilipita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nina la kusema.

Uzamili nilisomea nyumbani, chuo sitakitaja. Sapu nilikula mbili, moja ni hii. Sababu naijua: Fourier iliwekwa muhula mmoja na nadharia ya kipimo (somo la kupima ukubwa wa seti, alilolianzisha Lebesgue). Tukawa tunaezeka paa huku msingi bado unachimbwa. Lekchara wa kwanza anasema "chukua fanksheni ya L^1", wa pili bado yuko kwenye kufafanua seti inayopimika. Utaelewaje "karibu kila mahali" wakati hujui kupima mahali?

Nikaja huku kwa ule mpango wa Uppsala unaosaidia idara za hisabati za Afrika Mashariki, nikakuta kipimo cha Lebesgue kinakuja mwanzo, peke yake, bila haraka. Baada ya hapo Fourier ikafunguka. Na sikujua wakati huo, ila Carleson mwenyewe alifundisha chuo hiki miaka mingi. Nimepita korido ile bila kujua nakanyaga wapi.

Jibu langu: si wewe, si somo, ni ratiba.

#22 Mwalimu_Kando
Theluji, nakupinga kwa heshima. Ipo njia ya kinyume na inafanya kazi. Stein na Shakarchi walipotoa vitabu vyao vinne vya Princeton, cha kwanza, 2003, ni Fourier, kwa intigrali ya Riemann tu, ile ya shahada ya kwanza. Kipimo cha Lebesgue kinasubiri mpaka cha tatu. Wanakuacha uumwe kwanza, ndipo wakuletee dawa.

Na ndivyo historia ilivyokwenda. Cantor aliingia kwenye seti kwa sababu ya mifululizo ya trigonometria. Lebesgue alipata intigrali yake 1902, na Fourier ilikuwa moja ya sehemu za kwanza alizoijaribia. Fourier ilizaa msingi, si msingi uliozaa Fourier. Anayefundisha kipimo bila Fourier anawapa watu mwavuli kiangazi.

#23 Theluji_Kisigino
Mwalimu, kile kitabu kimeandikiwa shahada ya kwanza. Kitalu anaulizwa L^p wiki ya pili. Huo mwavuli anauhitaji leo, mvua inanyesha.

#24 Mwalimu_Kando
Basi lekchara ndiye aliyeruka, si ratiba.

#25 Jirani_wa_Namanga
Wakuu, mimi ni wa Kenya, nafundisha chuo kimoja huku. Mnazunguka mbuyu. Kwa wanafunzi wangu shida naiona kwenye mazoezi. Shahada ya kwanza swali linaanza na "tafuta". Uzamili swali linaanza na "onyesha kwamba". Mtu aliyelelewa kwenye "tafuta" miaka mitatu anatafuta fomula ambayo haipo. Nimesahihisha karatasi ambamo mwanafunzi aliombwa aonyeshe namba za Fourier za fanksheni ya L^1 zinaelekea sifuri, akakokotoa za x mraba, akapata zinaelekea sifuri, akapigia jibu mistari miwili.

#26 Kitalu_B
Jirani, huyo nahisi ni mimi 😭. Sikuandika x mraba lakini, niliandika |x|.

#27 Jirani_wa_Namanga
Pole kaka. |x| alama 1 ya huruma. Njia yake fupi: kwa polinomia ya trigonometria (jumla ya mawimbi yanayohesabika) ni dhahiri, namba zake zikipita N zote ni sifuri. Kisha kila fanksheni ya L^1 ina polinomia jirani yake, umbali mdogo utakavyo. Kosa la jirani halizidi umbali huo. Mistari minne.

#28 Mama_Kibao
Mimi nasema ni lugha. Hizi hoja ukizisikia kwa Kiswahili kama humu, "imekorogwa", "haina dari", mtu anaona kitu. Darasani tunaandika kwa Kiingereza kilichonyooka, tunakariri, tunarudisha. Nimeelewa kiini cha Dirichlet leo kwenye simu, ndani ya daladala, baada ya kufaulu mtihani wake miaka sita iliyopita.

#29 Historia_Tupu
Na Warusi walisoma kwa Kirusi bado wakafeli. Lugha si kisingizio.

#30 Mama_Kibao
Kolmogorov alisoma kwa Kirusi akiwa na miaka 19 akaangusha dunia. Umejifunga goli mwenyewe.

#31 Beki_Tatu
Goli halali, nimeangalia VAR.

#32 Mkate_wa_Ufuta
Mimi naona mnamtetea sana huyu mtoto na mnalaumu walimu. Somo lenyewe ni gumu, na ugumu wake hautokani na msingi. Nitoe mfano.

Ukiwa na vipimo viwili, mawimbi yako yamepangwa kwenye bapa. Unataka kukata, ubaki na ya katikati. Utakata kwa umbo gani? Ukikata kwa umbo la mahamri, pembe tatu, mambo ni salama (ukubwa wa kinachobaki una dari) kwenye L^p zote kati ya 1 na lisilo na mwisho, maana kila upande ni mkato mmoja ulionyooka na pande zinahesabika. Mraba pia salama. Basi kila mtu mwenye akili alitegemea umbo la chapati, duara, nalo liwe salama, walau karibu na p sawa na 2. Fefferman akaonyesha 1971: chapati ni salama kwenye p = 2 peke yake. Ukitoka hapo hata kidogo, hakuna dari.

Sababu yake ni kitu kama mchezo wa watoto: ukiwa na sindano na unataka kuigeuza izunguke yote, eneo linalotosha linaweza kuwa dogo utakavyo. Hiyo ni Besicovitch. Swali lililozaliwa na sindano hiyo, kwa vipimo vitatu, limesumbua watu miongo mingi, na Februari 2025 Hong Wang na Joshua Zahl ndio walioweka mtandaoni uthibitisho wao. Sasa niambieni ni ratiba gani au lugha gani itakayokufanya utegemee kwamba sindano inaiharibu chapati?

#33 Korosho_za_Mtwara
Nimeelewa mahamri na chapati. Nasubiri chai.

#34 NuktaMoja
Mkate, mfano mzuri ila haujibu swali. Kitalu hajafika kwenye duara la Fefferman, yuko kwenye Dirichlet wiki ya tatu. Unamwambia mtoto aliyekwama kidato cha kwanza kwamba chuo kikuu ni kigumu.

#35 Mkate_wa_Ufuta
Namwambia asitegemee kuna siku itakuwa rahisi. Carleson mwenyewe alianza kwa kutafuta mfano wa kuangusha hoja, kila alipoujenga unavunjika, ndipo akageuka kuithibitisha. Mpaka akageuka, naye alikuwa anapata 11 kati ya 40.

#36 Mzee_wa_Bamvua
Hilo la kugeuka nimelipenda. Nahodha hashindani na kusi, hugeuza tanga.

#37 Kitalu_B
Wakuu nimesoma yote, mpaka saa hizi sijalala na kesho nina kipindi cha kwanza cha kidato cha tatu. Sijui nimlaumu nani tena, ila nimefanya kitu. Mama aligusia kiini cha Dirichlet kina chanya na hasi. Nikakumbuka kwenye madesa kuna Fejér, 1900, anayechukua wastani wa jumla badala ya jumla yenyewe. Nimejaribu mwenyewe bila kuangalia: nimejumlisha viini vya Dirichlet kuanzia 0 mpaka N, nikagawa kwa N, juu ikatoka saini mraba, chini saini mraba. Haishuki chini ya sifuri popote! Kwa hiyo ukubwa wake ni sawa na wastani wake, 1, haukui. Kwa hiyo kwa fanksheni isiyokatika inatulia kila mahali na kwa pamoja. Ni kweli au nimeota?

Na kama ni kweli, mbona hatukuishia hapo mwaka 1900?

#38 Mwalimu_Kando
Unaona sasa? Bila Lebesgue.

#39 Theluji_Kisigino
Kwa fanksheni isiyokatika, ndiyo. Muulize kuhusu ya L^1 kama atafika bila Lebesgue.

#40 mama_epsiloni
Hujaota, Kitalu. Ila kuanzia 0 mpaka N viini viko N+1, siyo N. Ukigawa kwa N wastani hautoki 1. Hiyo ni alama 2 kwenye mtihani wa mtu ninayemfahamu.

Hilo swali la mwisho nitarudi kulijibu, umeme wanakata.